Kuhusu Ndege ya Adrien na Mahali Nilipoketishwa

Makomeno, Lubumbashi
Jumapili, kabla ya misa ya pili

Kwa Mheshimiwa Mjomba Ngosa,
Mkubwa wa ukoo,
Kipushi

Mjomba wangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote, na nakuamkia nikiwa nimevaa koti, ingawa niko nyumbani kwangu na joto la mwezi huu unalijua. Jambo ninalokuletea haliwezi kuandikwa na mtu aliyevaa fulana ya ndani.

Utauliza kwa nini sikupiga simu, na Kipushi ni hapa tu. Nilipiga, Mjomba. Uliitikia "ndiyo" kwa kila nilichosema, hata nilipokuwa namwambia mke wangu Clotilde afunge mlango. Basi nimeona heri niandike. Guelor, jirani yetu mwenye pikipiki, anakuja huko leo na atakukabidhi barua hii mkononi. Tafadhali mpe maji, na usimwambie kilichomo, kwa sababu kijana huyo akijua jambo, Makomeno nzima imejua.

Nakuja kwenye shauri. Ni kuhusu Adrien, mdogo wangu, kitinda mimba wa dada yako. Unamfahamu: mchana anatengeneza friji za watu, jioni anajifungia kwenye chumba cha nyuma na kutengeneza vyombo ambavyo havitakwenda popote. Alianza na meli. Katika mji huu ambao maji yake makubwa ni lile ziwa la Karavia, alijenga meli ya abiria ya Ziwa Tanganyika kwa kipimo cha moja kwa hamsini, yaani kila kitu kimepunguzwa mara hamsini, kuanzia bomba la moshi hadi ndoo ya mpishi. Sikulalamika. Akafuatisha manowari yenye mizinga ya mirija ya kalamu za biki. Sikulalamika pia, ingawa mzinga mmoja ulielekezwa moja kwa moja kwenye kiti ninachokalia nikila matonge yangu ya bukari. Vyombo vile havikuwa na abiria, na sikujua wakati ule kwamba hiyo ilikuwa neema.

Sasa mama yetu Mapalo anatimiza mwaka tangu atuache, na mwezi ujao tunaondoa kilio katika ule ukumbi wa Karavia. Kitenge cha ukoo ulikichagua wewe mwenyewe, kile cha buluu chenye majani ya manjano, na sisi wote tutashona hichohicho. Unajua pia mama alivyokuwa na mambo ya ndege. Kila ilipopita ndege juu ya Makomeno aliacha nguo kwenye beseni, akaipungia mkono wenye povu, na akishamaliza alisema lazima kuna mtu dirishani aliyemwona. Hakupanda ndege hata siku moja. Ndipo Adrien akatuita mimi na mke wangu, akasema: "Mama hakupandaka. Basi siye tutamupandisha, na ukoo muzima tutaenda naye."

Hivyo akajenga ndege. Ina urefu wa mkono wangu mzima, paa lake linafunguka kama kifuniko cha sufuria, na ndani tumeketi sisi wote, watu wa ukoo, tumevaa kitenge cha kilio. Siku ya sherehe itawekwa juu ya meza kubwa, bila paa, wageni wapite waione. Wazo hilo liliniliza, na sioni haya kukuandikia hivyo.

Lakini Mjomba, ukisha kuweka watu kwenye viti, umeingia katika protokoli. Na protokoli ni mimi. Parokia yote inajua. Iwe harusi, iwe ubatizo, iwe kilio, iwe ziara ya askofu, anayesimama mlangoni na skafu begani kumwonyesha kila mtu kiti chake ni Liévin Mukuka. Nimewatenganisha wake wenza wawili kwa safu moja ya watoto, na hakuna aliyegundua. Nawaketisha wote hadi wa mwisho, na katika miaka yote hiyo mimi mwenyewe sijawahi kukosa kiti, maana mtu anayejua viti hakosi kiti. Adrien hakuniuliza neno. Kwa hiyo nakuwekea hapa malalamiko yangu, nikiyapanga kwa namba ili usipotee.

Lalamiko la kwanza: vifaa. Chuma cha ndege kimetoka kwenye makopo yetu ya maziwa. Rangi nyekundu ya mkiani ni ya kucha za Clotilde. Nyaya za shaba zimetoka kwenye injini za friji za watu, na hilo naliachia dhamiri yake. Lakini madirisha, Mjomba! Madirisha ni picha yangu ya mapafu, ile niliyopigwa hospitalini nilipokuwa nakohoa. Adrien aliiloweka kwenye maji ya javeli ya kung'arishia nguo mpaka mbavu zangu zikafutika zote, akaikata vipande vidogo vya kung'aa, akavipachika. Nilipoitafuta nimpelekee daktari, nikaambiwa imekwisha kupanda ndege. Leo ukoo mzima unatazama mawingu kupitia kifua changu, na hakuna aliyesema asante.

Lalamiko la pili: mahali nilipoketishwa. Kwa kuwa wote tumevaa kitenge kimoja, watu kwenye ndege hutambulika kwa maumbo na kwa vilivyo kichwani tu. Mama yuko safu ya mbele kabisa, dirishani, na kile kitambaa chake cheupe. Pierre, shemeji yangu, unamjua kwa tumbo. Mimi nimejijua kwa kofia: ile ya kahawia yenye ukingo mpana, ambayo hakuna wa Makomeno asiyeijua. Na kofia hiyo iko wapi? Iko safu ya mwisho. Si safu ya mwisho ya heshima, ambako huketi mzee asiyependa kelele. Ni safu ya mwisho inayogusana na choo.

Choo chenyewe kimetengenezwa kwa upendo kuliko mimi. Kina mlango, mlango una kitasa cha shaba, na mlango unafunguka. Nimeufungua kwa kijiti cha meno. Ukifunguka, unanigonga goti.

Na angalia jinsi alivyonichonga! Mdomo wazi kama mtu aliyelala kwenye mahubiri. Masikio makubwa ambayo sijui ameyatoa kwa nani, kwa kuwa masikio ya namna hiyo hayafai kitu zaidi ya kuzuia kofia isishuke. Shingo imezama mabegani. Mtu akimwona abiria huyo atasema: huyu ni mzee ambaye ukoo umekwisha kumsahau, wamempakia kwa sababu kumwacha nyumbani kungeleta maneno. Sikumwuliza Adrien sababu. Mkubwa haombi maelezo kwa mdogo wake. Anaandika kwa mjomba.

Najua wapo watakaosema: Papa Liévin, hiyo ni sanamu ya ukubwa wa kidole, aibu yake nayo ni ya ukubwa wa kidole. Nimelifikiria hilo kwa utulivu. Mchuzi ukiuacha motoni ukapungua, chumvi yake haipungui, inazidi. Aibu iliyopunguzwa mara hamsini ni hivyohivyo. Na tukifuata kipimo cha Adrien mwenyewe, kutoka kwenye kofia yangu hadi kwenye choo ni upana wa ukucha. Zidisha mara hamsini upate umbali wa kweli, halafu uniambie kama wewe ungekubali kula pale.

Lalamiko la tatu: Pierre. Ameketi safu ya pili, miguu imenyooshwa, mikono yote miwili juu ya vishikio vya viti, cha kwake na cha jirani. Katika protokoli, kaka wa mke huketi baada ya watoto wa marehemu, jambo ambalo hata watoto wa katekisimu wanalijua. Nilichunguza, nikagundua kwamba ni Pierre aliyemletea Adrien gundi nzuri kutoka upande wa Zambia. Sitaki kutumia neno rushwa katika barua ya kilio. Nasema tu kwamba mtu alitoa gundi na mtu akapata nafasi ya kunyoosha miguu.

Lalamiko la nne nimelifuta kwa ushauri wa Clotilde, kwa kuwa lilimhusu Clotilde, ambaye ameketi karibu na kaka yake na anasema pale anapumzika vizuri.

Lalamiko la tano: madhara kwa umma. Mtu mmoja wa ukoo, sitamtaja kwa kuwa ni yeye anayekata kuku siku ya sherehe, alipiga picha safu ya mwisho na kuituma kwenye kundi letu la WhatsApp. Kutoka hapo ikaenda kwaya, kutoka kwaya ikaenda sokoni. Majirani wameanza kuja na picha zao ndogo za kitambulisho wakiomba kupandishwa. Papa Dédé, shemasi wetu, ambaye si wa ukoo kwa upande wowote, alimwomba Adrien kiti cha dirishani kwa hoja kwamba yeye hutapika safarini. Mama mmoja wa barabara ya pili hanisalimu tena, akiamini ni mimi ninayezuia.

Hayo ningeyavumilia. Lakini Jumamosi iliyopita kulikuwa na harusi. Nimesimama mlangoni na skafu yangu, nikamwonyesha kijana mmoja kiti cha nyuma kulingana na uzito wake katika jamii. Kijana akanitazama toka kofia hadi viatu, akasema mbele ya watu: "Papa Protokoli, weye mwenyewe banakuikalisha ku choo. Utanionyesha kiti gani?" Watu walicheka, Mjomba. Bibi harusi alicheka. Kijana akaenda kuketi mbele. Mamlaka niliyoyajenga kwa miaka mingi yamevunjwa na mlango wa choo ambao hauwezi kumpitisha hata mende.

Lalamiko la sita, na hili ndilo. Kando ya mama kuna kiti kitupu.

Safu ya mbele kuna viti viwili. Dirishani ni mama. Kiti cha pili hakuna mtu. Nilipokiona mara ya kwanza nilidhani gundi haijakauka na mimi nitahamishwa. Nikangoja wiki ya kwanza, nikangoja na ya pili. Ndipo nikakuta juu ya kiti hicho pamewekwa kitu cheusi. Nikainama, nikatazama vizuri: ni mbegu ya papai. Adrien alikula papai, Mjomba, akachukua mbegu, akaiketisha karibu na mama yetu. Nadhani ni mzigo wa mtu. Mzigo umepewa nafasi ambayo kifungua mimba amenyimwa.

Hapa naacha protokoli kidogo. Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa dada yako. Ni mimi niliyemshika mkono alipokwenda hospitali, na ni mimi niliyemfunga kile kitambaa cheupe mara ya mwisho, vibaya, kwa kuwa sikuwa nimewahi kufunga kitambaa cha mwanamke. Sitaki safu ya mbele ili wageni wa Karavia wanione. Nataka kuketi karibu na mama. Ikiwa safari hii ndiyo pekee atakayopanda, basi niwe kando yake nimwonyeshe mkanda unavyofungwa. Kumbe hata katika karatasi na makopo ya maziwa nafasi hiyo imekwenda kwa papai.

Kwa hayo yote naomba, kwa unyenyekevu, yafuatayo. Uitishe baraza la ukoo, hapo kwako Kipushi, ambako Adrien hana vifaa vyake na hawezi kutubadilisha. Ndege isimamishwe kuruka, ingawa hairuki, mpaka uchunguzi umalizike. Pierre akunjwe miguu. Mbegu ya papai ishushwe na kusafirishwa chini pamoja na mizigo mingine. Na yule mtu wa safu ya mwisho ahamishwe siku hiyohiyo, kwa kuwa kumweka mwanadamu mahali pale ni dharau ambayo mimi, katika kazi yangu yote, sijamfanyia hata mlevi.

Baraza likikataa, sitakwenda Karavia. Mtaondoa kilio bila mtoto wa kwanza, na wageni wataketi ovyo, wakwe mbele, wafiwa nyuma, mpaka mtakaponikumbuka. Mimi siku hiyo nitabaki nyumbani na kitenge changu, nijenge ndege ya kwangu, isiyopunguzwa mara hata moja, yenye viti viwili tu. Nimekwisha kuanza kukusanya makopo.

Nisalimie shangazi na goti lake. Nisalimie watoto wote wa hapo, pamoja na yule anayejificha akiniona. Nisalimie kikundi chako cha munkoyo, ukianza na mwenyekiti, kisha katibu, kisha wanaokuja kunywa tu; tafadhali fuata mpangilio huo. Clotilde anakuamkia, na anasema nipunguze maneno. Adrien naye angekuamkia, lakini hajui kwamba nakuandikia.

Wako mtiifu, mpwa wako mkubwa,

Liévin Mukuka
Protokoli

P.S. Mjomba, Guelor yuko langoni na pikipiki inaunguruma, na karatasi zangu zimeisha, la sivyo ningekuandikia barua nyingine kabisa badala ya hii.

Nilipomaliza kutia sahihi niliona ni vizuri niwe na ushahidi usiopingika, basi nikaingia chumba cha nyuma na kuchukua kioo cha kukuzia cha Adrien, nisome vizuri uso wa yule mtu wa choo. Kofia yake ina unyoya wa kanga ubavuni. Kofia yangu haina unyoya. Ndipo nikakumbuka kwamba Mwaka Mpya nilinunua kofia mbili za namna moja, moja nikabaki nayo, nyingine nikakuletea Kipushi, na wewe ukachomeka unyoya hapohapo.

Kwa hiyo ni wewe, Mjomba.

Nakuomba ulisome upya lalamiko la pili kwa jicho la upendo, hasa pale penye masikio. Nimelitafakari suala la mahali hapo na naona nilikuwa na haraka. Mtu wa umri wako, anayekunywa vidonge vile vya kumwamsha kila mara aende msalani, umweke wapi katika safari ndefu? Mimi mwenyewe, kama protokoli, ningekuweka palepale. Na ule mlango unaofunguka, sasa naelewa: Adrien alikutengenezea wewe. Ni heshima kubwa. Hakuna abiria mwingine aliyejengewa chumba.

Lakini nikabaki na swali, na safari hii nilimwuliza mdogo wangu, kwa kuwa sikuwa na mjomba wa kumwandikia. Nikasema, basi mimi niko wapi? Adrien hakuinua kichwa, alikuwa anapaka bawa. Akasema: "Yaya mukubwa, weye hauyafika. Weye si huwa unaikalisha kwanza bantu bote? Angalia sakoshi ya mama. Iko anakuchungia kiti."

Nikarudisha kioo juu ya ile mbegu ya papai. Ina mkono wa waya wa shaba, mwembamba kama unywele. Ni mkoba wake mweusi, Mjomba. Ule aliokuwa nao kanisani, kwenye harusi, kwenye vilio, kila mahali nilipokuwa nimesimama mlangoni na skafu yangu. Kumbe sikuwahi kukosa kiti kwa sababu kila mara, nilipomaliza kuketisha watu, nilikuta mkoba wa mama kwenye kiti kando yake, na yeye akiuondoa bila kunitazama, kama mtu anayesogeza kitu kilichomsumbua. Na mimi miaka yote nilidhani ni protokoli.

Kwa hiyo usiitishe baraza. Pierre anyooshe miguu tu. Karavia nitakuja, na nitakuwa mlangoni tangu asubuhi, nitakuketisha kwanza wewe, karibu na choo.

Adrien alisema nirudi upesi ili anipime kichwa, anichonge na kunibandika kwa ile gundi ya Pierre kabla haijaganda. Sahihi nimetia kitambo, na tazama bado nakuandikia. Hapana shida. Nikichelewa, mkoba uko kwenye kiti.